Herufi Kwenye Kipande cha Katoni

Jumatatu, 8 Juni 1998
Mvua tangu asubuhi. Majani ya chai mazito, mgongo umekufa. Kiprono, mtoto wangu mdogo, amelia mgongoni mpaka kituo cha chai. Binti yangu Chebet ametoka shule akakaa tu, anagongagonga vidole mezani. Maziwa hajagusa. Nikamwambia aache. Akaacha. Halafu akaanza tena, kwa goti. Midomo inacheza, sauti haitoki. Sipendi.

Jumatano, 10 Juni
Nimejua. Wageni wa kanisa waliletea shule kompyuta. Moja tu, na jenereta. Mwalimu Nyambura ndiye anafundisha darasa la tano, la Chebet. Sikuulizwa. Hakuna mzazi aliulizwa.

Kwenye foleni ya kupima majani, Mama Cherono, jirani yangu, akasema kuna shule upande wa Chepseon watoto walianza hivyo hivyo, wakaishia kuabudu shetani.

"Wanaanza na alama," akasema. "Na vidole. Wewe chunga vidole."

Wanawake wakacheka. Nilicheka pia. Jioni nilivichunga.

Ijumaa, 12 Juni
Katoni ya nguo za mtoto imekatwa upande mmoja. Nimetafuta. Kipande kilikuwa chini ya godoro la Chebet, kimejaa viboksi vya kalamu, kila kiboksi na herufi yake. Lakini hazijapangwa vile tulifundishwa. Ya kwanza Q. Halafu W. A imetupwa mstari wa pili. Mimi niliachia darasa la nane, tumbo likiwa na huyu huyu Chebet, lakini ABC naijua. Mtu anayepangua herufi anaficha kitu.

Nikakichoma. Aliporudi nikamwambia. Hakulia, hakuuliza. Hiyo ndiyo ilinitisha zaidi.

Jumapili, 14 Juni
Siku mbili hasemi. Anakula kwa sababu namwangalia. Kanisani mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia kabisa. Nilitaka itulie. Imetulia na bado siipendi.

Nimeamua. Ataenda kwa mama yangu kule Ndanai, shule ya huko haina mashine. Itaniuma. Kesho naenda kuitisha barua ya uhamisho.

Jumatatu, 15 Juni
Nilienda na matope ya shambani miguuni. Mwalimu Nyambura ni msichana tu, mdogo kwangu, wa kutoka Nyeri. Nilikuwa tayari kugombana.

"Karibu, Mama Chebet. Pole kwa ile kadi ya katoni."

"Pole ya nini?"

"Chebet amesema ilinyeshewa."

Nikakaa chini. Nilimchomea kitu chake, na yeye akanificha mbele ya mwalimu.

Mwalimu akafunua hiyo kompyuta. Wameifunika kitambaa cha uzi, kama redio ya nyumbani. Ndipo nikaziona. Q, W, E. Vile vile zilivyokuwa kwenye katoni. Nikauliza kwa nini A si ya kwanza. Akasema hata yeye hajui, wamezikuta hivyo. Angejifanya anajua nisingemwamini. Nikamwamini kidogo.

Mafuta ya jenereta hayatoshi, kwa hivyo kila mtoto anajizoeza nyumbani na katoni. Asiyeweza kuandika jina lake bila kutazama vidole anapitwa. Zamu ya Chebet ni Alhamisi. Akikosa, ni muhula ujao.

Sikusema kadi ilienda wapi. Nilinakili herufi nyuma ya kadi ya kliniki ya Kiprono. Barua sikuulizia.

Jumanne, 16 Juni
Nimekata upande mwingine wa katoni. Nguo za mtoto sasa ziko kwa kiti. Kalamu ikaisha wino, nikamalizia na mkaa wa kusafishia kibuyu cha maziwa.

"Nilikosea kuichoma," nikamwambia Chebet.

Akainama akaangalia. "Mama, umesahau ile ndefu ya chini."

"Haina herufi."

"Ndiyo ya kutenganisha maneno."

Nikaichora. Alipoanza, akawa anatazama kila kidole. Kama mchumaji wa siku ya kwanza, anayetafuta jani moja moja. Nikamtoa nje, nikamsimamisha kwenye mashina ya chai.

"Nikichuma, macho yangu yako wapi?"

"Mbele."

"Na mikono?"

"Inajua yenyewe. Yote miwili."

Basi. Tukarudi mezani, nikafunika mikono yake na leso ya kubebea Kiprono. Alikosea, akakasirika, akarudia. Sikumwonea huruma. Akikosea naanzisha upya.

Alhamisi, 18 Juni
Sikuchuma vizuri. Karani wa kituo amenirudishia majani magumu mbele ya watu. Sikujali.

Chebet alikuja mbio, kisha akatembea alipoona namwangalia. Ameandika jina lake. Halafu la Kiprono. Akaanza langu, jenereta ikazima.

"Uliangalia vidole?"

"Mara moja. Kwa ile ndefu."

Nikammiminia maziwa. Akanywa yote.

Ijumaa, 19 Juni
Jua kidogo. Hiyo mashine bado siiamini. Jumatatu nitasimama kwa mlango wa darasa nione mwenyewe wanachoonyeshwa.

Kwenye foleni, kikapu mbele yangu, Mama Cherono akanishika mkono.

"Mama Chebet. Na wewe umeanza?"

Nikaangalia chini. Vidole vyangu vilikuwa kwenye ukingo wa kikapu, vinatafuta C. Nikaviingiza chini ya leso. Vikaendelea.