Jicho la Kushoto la Chebet

Mpendwa Kogo,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza, wewe na mimi. Kikipsigis changu hakikuwahi kunyooka, na Kikisii changu ulisema kinakuumiza masikio, siku ile mwanao aliponileta kwenu kutoka ng'ambo ya Sotik. Miaka miwili ya kwanza uliniita "yule wa Kisii." Chebet alipozaliwa nikaanza kukuita Kogo, kama watoto wa hapa wanavyowaita nyanya zao, nawe ukaanza kuniita Mama Chebet. Sijui ni nani kati yetu aliyeanza.

Leo nimechoka, Kogo. Nimechoka uchovu wa miaka, si wa siku moja. Lakini kuna jambo nilikuficha, na nisipoliandika sasa sitaliandika tena.

Unakumbuka mimba ilikuwa haijafika miezi saba. Tulikuwa tunachuma chai, wewe mstari wa juu, mimi wa chini, kichwa kikiniuma tangu juzi yake. Ulinitazama miguu ukasema, "Mama, hii miguu imefura. Weka kikapu chini." Sikumaliza kukivua mgongoni, macho yakaona giza. Jirani mwenye pikapu ya maziwa ndiye aliyenifikisha hospitali. Wakasema presha imepanda sana, mtoto atolewe ama tupotee wote wawili. Chebet akatolewa saa sita mchana, kilo moja na kitu kidogo, ngozi nyekundu, masikio laini kama karatasi iliyoloa.

Ulikuja siku iliyofuata na chupa ya chai na uji. Ulimwangalia kupitia kioo cha ile mashine ya joto, ukarudi kwa kitanda changu ukasema, "Usimpe jina saa hii. Ngoja kwanza." Niligeukia ukutani. Nikakuchukia, Kogo, kwa moyo wangu wote.

Siku ya nne sista alikuja na habari kwamba mtoto sasa anaweza kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, na kwamba joto la mtu lingemsaidia kupumua na kuongeza uzito. Mimi nilikuwa bado siwezi hata kuketi. Mwanao alitazama mikono yake, ile mikono inayoangusha miti, akasema, "Mimi nitamvunja." Ndipo ulipofungua vifungo vya blauzi yako mbele ya wodi nzima, mama wa kanisa kama wewe, ukasema, "Hiyo mtoto nipe mimi."

Sista alimlaza katikati ya matiti yako na kumfunga kwa leso. Ulikaa hivyo hadi saa kumi bila kusogea. Nilifikiri umelala. Kumbe ulikuwa unalia. Ndipo ukaniambia juu ya watoto wako wawili waliokufa, mmoja kabla ya mume wangu, mmoja baada yake. Wote walikuja mapema. Uliwafunga kwa ngozi ya kondoo ukawaweka karibu na moto, ukawakamulia maziwa kwa kijiko. Wa kwanza aliishi siku tatu, wa pili sita.

"Wa pili nilikuwa nimempa jina," ulisema. "Nikaona jina ndiyo inauma zaidi."

Nilinyoosha mkono nikashika kisigino cha mtoto, na wewe ukasema, "Amezaliwa mchana. Ni Chebet."

Tulikaa hospitali wiki saba. Tulibeba kwa zamu. Yule sista mfupi alizoea kutuambia kwamba watoto wengi wa uzito ule siku hizi wanaishi, mradi wapate joto, maziwa ya mama na macho ya kuwaangalia. Siku ya kutuachilia alitukalisha chini. Alisema kuishi ni hatua ya kwanza tu. Huyu anaweza kuchelewa kukaa na kutembea, kifua chake kitasumbua wakati wa baridi, na lazima aletwe kliniki ya macho wiki ijayo bila kukosa, kwa sababu mishipa ya macho ya watoto hawa ilikuwa haijamaliza kukua. Alirudia mara mbili: bila kukosa.

Nyumbani ulimbeba ndani ya sweta yako ya buluu. Ulienda naye hivyo mpaka kituo cha kuuzia chai, na wanawake walipouliza umeficha nini ukawaambia ni kuku.

Sasa nitasema.

Siku ya kliniki ya macho wewe ulikuwa Litein, kwa mazishi ya dada yako. Baba Chebet alikuwa zamu kiwandani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, barabara ya kwetu imekuwa tope tupu. Mtoto alikuwa anakula kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mimi kidonda cha upasuaji tumboni kilikuwa kinavuta. Nilimwogesha. Nilimvisha. Nilifunga begi. Kisha nikaketi kitandani kuvaa viatu, na sikuvaa. Nilijiambia nitaenda wiki nyingine. Nilimtazama akinitazama, nikajiambia, mbona anaona.

Uliporudi uliniuliza, "Mlienda?"

Nikasema, "Tulienda. Macho ni mazuri."

Jumapili ulisimama kanisani ukamshukuru Mungu kwa macho ya mjukuu wako. Nilikuwa nimeketi kando yako. Watu walipiga makofi. Baada ya hapo ningeendaje? Kila wiki iliyopita uongo ule uliongezeka uzito kuliko mtoto mwenyewe.

Alitembea akiwa na miaka miwili. Uliona, na ninashukuru uliona. Alikuwa akigonga gonga vitu upande wa kushoto, nasi tukacheka kwamba ana haraka ya baba yake. Mwaka uleule nimonia ikakuchukua, wewe ambaye kila msimu wa baridi ulihesabu pumzi za mtoto. Nilikuosha miguu hospitalini. Nilikuwa na siku tatu nzima za kukuambia na sikukuambia.

Chebet sasa ana miaka mitano na ameanza shule. Mwalimu wake alituita. Alisema akiitwa kutoka upande wa kushoto hajui aliyemwita yuko wapi. Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama alipimwa alipokuwa mchanga. Nikasema hapana. Baba Chebet aligeuka akanitazama.

Daktari alisema jicho lile limeharibika kwa nyuma na halitarudi. La kulia ni dhaifu kidogo, litasaidiwa na miwani, na lazima liangaliwe kila mwaka. Nikamuuliza, kama ningemleta wakati ule? Alifunga kalamu yake. "Huenda lingeokoka. Wengine tunawatibu na bado linaenda. Siwezi kukuambia lingekuwa vipi."

Nilitaka aniambie moja, Kogo, hili au lile.

Mwanao hakunipigia kelele. Siku ya tano alikuja nilipokuwa nachuma, akaanza kuchuma mstari ulio kando ya wangu, na kikapu kilipofika nusu akasema, "Hata mimi nilipaswa kuuliza ile kadi ya kliniki iko wapi. Sikuuliza." Hatujaongea tena juu yake. Bado kuna siku chakula kinaliwa kimya.

Kifua cha Chebet kinasumbua Julai, mguu wa kushoto unavuta kidogo akikimbia, na anakimbia. Anaongea lugha tatu kwa sentensi moja. Ana kiburi chako. Kuna kliniki ya kifua, kuna mazoezi ya mguu, kuna ya macho. Naenda zote. Wengine huniambia nina bahati kuwa na mtoto aliyeishi, na ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimepumzika.

Juzi, nikimpangusia miwani mlangoni, aligusa jicho la kushoto akaniuliza, "Mama, kwa nini hii haioni?"

Ningeweza kusema Mungu. Ningeweza kusema daktari. Nikamwambia, "Ulizaliwa mapema sana, na mimi nikachelewa kukupeleka hospitali."

Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akafunua, akafunika tena. Kisha akasema, "Lakini hii inaona," akavaa miwani yake akaenda kumpa ndama maji.

Siombi unisamehe. Nilitaka tu usiendelee kushukuru kwa jambo ambalo halikuwa. Shukuru kwa lile jicho moja. Hilo ni la kweli, nimeliona likifanya kazi.

Pumzika, Kogo, kwa niaba yangu pia.

Mke wa mwanao,
Mama Chebet