Kaka Si Mhunzi, na Hata Angekuwa

Kibaha,
Jumapili, mwezi wa Juni

Baba mpendwa, shikamoo. Shikamoo na wewe Mama, ambaye najua ndiye unayesoma karatasi hii na kumwambia Baba kwa lugha yetu. Tafadhali usiruke mstari, hata Baba akikohoa. Leo nimeamua kusema yote. Kwenye simu nisingeweza, maana Baba akikasirika anakata.

Gehandu hamjambo? Mvua imeacha nyasi? Yule ndama aliyezaliwa na mguu uliopinda, amesimama? Mimi ni mzima. Bado naishi na kaka Gidamis karibu na kiwanda, na masomo ya kidato cha tatu yanaendelea vizuri.

Baba, habari zimetufikia. Wazazi wa mchumba wa kaka, kule Balangdalalu, wanasema binti yao hawezi kuolewa na mtu anayeyeyusha chuma, kwa kuwa amekuwa mhunzi, na sisi wafugaji hatuoani na wahunzi. Wamesema pia kwamba wewe ukimpokea kaka ndani ya boma, wao watanyamaza na ndoa itaendelea. Nawe umesema asikanyage hapo. Tangu siku ile kaka hali akashiba.

Kwanza nieleze kazi yake, kwa sababu mwalimu wetu wa kemia alitupeleka nikaiona. Vyuma chakavu na mabati makuukuu huyeyushwa katika kiwanda kingine cha jirani. Bati huwa limepakwa zinki ili lisishike kutu. Moto ukikolea, chuma hubaki chini, lakini zinki hupaa kama moshi. Moshi huo hunaswa kwenye mifuko mirefu ya kitambaa, ukawa vumbi. Zamani vumbi lilifukiwa, na halifai kufukiwa, maana lina madini ya risasi yanayoweza kuharibu maji. Sasa linaletwa kwa kina kaka. Wanalilowesha, wanalichanganya na makaa ya mawe, wanalifanya vidonge vinavyofanana na mavi ya mbuzi (samahani Baba, lakini ndivyo vilivyo). Vidonge huingia kwenye tanuri refu linalozunguka polepole. Zinki inapaa tena, na safari hii inanaswa ikiwa unga unaokwenda kusafishwa ili ipakwe kwenye mabati mapya. Kazi ya kaka ni ile ya kulowesha na kutengeneza vidonge. Hashiki nyundo.

Nilifurahi sana nilipoelewa. Nikakuandikia barua ndefu kuthibitisha kwamba kaka si mhunzi, nikawasomea kaka na baba Samweli, msimamizi wa zamu yake, aliyekuwa amekuja kutusalimu.

Sasa Baba, tulia kidogo. Baba Samweli ni mtu wa Hanang kama sisi, na ni wa ukoo wa wahunzi. Mwezi wa nne kaka alivua barakoa karibu na tanuri, eti mara moja tu, akavuta moshi. Alirudi akitetemeka kama mwenye malaria, na zahanati walipompima hawakuiona. Baba Samweli aliijua homa hiyo, ni ya moshi wa zinki. Alimcheka: "Mtoto wa ng'ombe, ulidhani huu ni moshi wa kufukuzia mbu?" Kisha akakaa naye mpaka ikamwachia. Mkewe akatuletea uji. Tuliunywa, Baba. Baadaye tulikula ugali nyumbani kwao, sahani moja.

Basi nilipomaliza kusoma ile barua, baba Samweli alitabasamu.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Mwalimu angekupa alama zote. Kwa hiyo kosa la kaka yako ni kuonekana kama mimi?"

"Hakuwa na maana hiyo," kaka akasema.

"Najua. Wazee wenu walikuja kununua mikuki kwa marehemu baba yangu. Hakuna aliyemtukana hata siku moja. Ila hakuna aliyeingia ndani."

Alipoondoka niliichana barua.

Mimi ni mtoto, Baba, sikufundishi mila. Ni kweli kaka si mhunzi, lakini nikisimama juu ya neno hilo peke yake, nitakuwa nimemfukuza aliyemuuguza mwanao.

Desemba kaka ana likizo. Anataka akusalimu wewe kwanza, ndipo aende Balangdalalu. Ila msindikizaji aliyemchagua ni baba Samweli, na anasema kama baba Samweli atabaki nje, naye atabaki nje.

Nilimwambia, "Kaka, utamkosa mchumba."

"Huenda," akajibu, akaendelea kumenya viazi. Nilimwona macho yamemlowa, na havikuwa vitunguu.

Nisalimieni bibi, mwambieni nimejifunza kulala bila kujifunika. Nisalimieni shangazi wa pale mashine ya kusaga, na wadogo zangu wote, wasiniharibie daftari za zamani. Mwalimu wangu wa darasa la saba mkimwona mwambieni shikamoo yake ipo.

Dereva wa lori la mahindi anayewaletea barua hii atapakia hapo Gehandu na kurudi huku. Nimemwomba asiondoke bila jibu. Mama, liandike vile vile Baba atakavyolisema, hata likiwa neno moja. Ni mimi, Agnesi, binti yenu, ninayeuliza: Baba, wakifika wawili mlangoni pa boma, utawaambia wote wawili waingie?