Mzunguko wa Tano

Jumatatu, 3 Juni

Matairi mapya yamefika. Yamesanifiwa upya yote — nyuzi za ndani, mpira, michirizi — kwa ajili ya wenye pesa wanaoleta magari yao ya michezo hapa kwenye njia ya mbio, milimani Eifel, kukimbiza. Fundi wangu, Udo, akayafunga, akapima upepo, akapiga bodi kofi. "Haya Gesine, kalitongoze."

Mzunguko wa kwanza nikacheka peke yangu ndani ya helmeti. Mshiko! Kama gari limeshonewa lami. Wa tatu, nimelipita tairi la zamani kwa sekunde mbili na nusu. Wa tano, kona ndefu ya kushoto — nyuma ikaondoka. Haikulia, haikutetemeka. Nikajikuta kwenye majani, pua ya gari imeelekea nilikotoka.

Miaka ishirini na mbili nalipwa kusema tairi likoje. Kuteleza, yote huteleza. Lakini la zamani lilikulalamikia kwanza. Hili kimya!

Jumanne, 4 Juni

Seti nyingine. Jua kali. Mzunguko wa tano, kona ileile, tena! Leo nilikuwa nalisubiri, nikalidaka.

Udo akalikata tairi la nyuma kulia. Malengelenge begani mwa mpira, madogo kama dengu. "Hili linakupenda mizunguko minne," akasema. "Baada ya hapo mjane wako atafute wakili."

"Sina mume, mpumbavu wewe."

Tukacheka. Nimeandika kwenye ripoti: huachia ghafla, bila onyo, likishapata moto. Lisiuzwe.

Ijumaa, 7 Juni

Kikao. Daktari Leyendecker, mkuu wa usanifu, kaja na michoro ya rangi. Akasema kompyuta haijaona ninachokiona mimi. Nikamwambia kompyuta haikai ndani ya gari. Akatabasamu — lile tabasamu la kumwonea mtu huruma. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba umri ukienda mwili huchelewa kuhisi.

Umri!

Nikasema: muulize Udo, kalikata kwa mikono yake.

Udo akatazama kahawa yake. "Kawaida ya mpira mpya," akasema. "Utatulia."

Miaka kumi na tisa tumefanya kazi pamoja. Nilishindwa hata kumtazama.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua. Nimekula mkate nikiwa nimesimama. Sikutoka.

Jumatatu, 10 Juni

Ripoti yangu imerudi, imesafishwa. Palipoandikwa "huachia ghafla, bila onyo" sasa pameandikwa "humtuza dereva mwenye ujuzi". Nilisoma mara tatu. Eti humtuza! Wanataka saini yangu chini ya maneno hayo.

Nimekataa. Leyendecker hakugombana. Akasema tu hakuna shida, saini ya fundi inatosha.

Na fundi akasaini.

Jioni Udo huyo mlangoni kwangu, na keki ya stroberi. Hakuingia, sikumkaribisha. Akasema imebaki miaka minne astaafu, na Marlies mke wake na ile figo yake, nimwelewe. "Usinitazame hivyo, Gesine. Wewe huna wa kumlisha."

Kweli sina. Asante kwa kunikumbusha.

Keki nikaipokea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote — mikono yangu iliipokea yenyewe, kwa adabu.

Ijumaa, 14 Juni

Saa sita mchana. Naandika chumba cha madereva. Joto la nyuzi thelathini na moja nje.

Leo wateja kumi na wawili wanayajaribu matairi wenyewe. Mizunguko sita kila mmoja, mimi mbele nikiwaongoza. Kundi la asubuhi nililirudisha baada ya minne. Nilisema breki zangu zinanuka. Leyendecker aliandika kitu kwenye daftari lake.

Halafu akaja yule daktari wa meno kutoka Köln, Bi. Kreutz. Wa kundi la mchana. Umri wangu, mikono midogo, gari la kijani alilolisubiri maisha yake yote. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeona aibu: "Niambie ukweli, mama. Haya yananionya kabla ya kuteleza?"

Leyendecker alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Nikasema, "Yana mshiko mzuri sana."

Hivyohivyo. Kwa mdomo wangu! Akanishukuru. Na mimi nilimhukumu Udo wiki nzima.

Sasa hivi Leyendecker kaingia. Kaniambia nipumzike, mwenzangu Henning ataongoza kundi la mchana — na yote sita, tafadhali. Hakusubiri jibu.

Dirishani naona Udo anapima upepo wa gari la kijani. Bi. Kreutz anafunga kamba ya helmeti. Anachekea kitu alichoambiwa na Udo. Injini ya Henning imewaka. Kutoka hapa hadi pale ni hatua arobaini, labda hamsini. Naiacha kalamu, naenda kumwambia.