Jina la Babu Kwenye Ukuta wa Ghala

S.L.P. 418,
Kitale.
Desemba 16, 2025.

Mpendwa Baba Mdogo Kizito,

Pokea salamu nyingi kutoka Kitale, ambako baridi ya asubuhi mwaka huu inatuvisha sweta mpaka saa nne. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari amekukataza kupanda ngazi, nikacheka kwa sababu nakujua, wewe si mtu wa kutulia. Mama Mutinta naye je? Mvua imeshika huko Ndola? Sisi tu wazima. Mama bado anafuga kuku wake na kuwagombeza kama alivyotugombeza sisi.

Sasa keti vizuri, Baba Mdogo. Nina habari niliyokaa nayo tangu mwezi jana na imekataa kutulia kifuani. Tumepata jina la baba yako, aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe!

Ilianza mwezi wa Novemba. Nilipeleka mahindi yakakaushwe kwenye ghala kuukuu la chama chetu cha wakulima, lile jengo la matofali lililoachwa na mzungu aliyemiliki shamba hili kabla ya Uhuru. Foleni ilikuwa ndefu, nikazunguka nyuma kutafuta kivuli. Pale ukutani nikaona mikwaruzo. Nikafuta vumbi kwa leso, yakatokea majina kumi na moja yaliyochorwa kwa msumari, na juu yake UHURU 12.12.63. Kila jina lina kwao: Kapsokwony, Lwakhakha, Kaptama. La saba linasema WANJALA MUKHISA BOKOLI.

Nilisahau mahindi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa chama, Mzee Kiplangat. Si mtu mbaya, lakini alinisikiliza huku akitia sahihi stakabadhi.

"Mwalimu," akasema, "hilo ghala linabomolewa Januari. Wanachama wanataka maduka. Na akina Wanjala ni wengi, si unajua?"

Unajua kazi yangu. Kila mwaka nawafundisha watoto jinsi bendera moja ilivyoshuka Nairobi na nyingine ikapanda, na kwenye vitabu vyao hamna hata mstari mmoja juu ya watu waliolima shamba hili wanalokaa. Na sasa mstari wenyewe ulikuwa ukutani, ukingoja nyundo.

Jumamosi nikashuka Bokoli kwa shangazi, dada yako Senge Sellah. Nilimkuta akichagua maharagwe. Sikumwambia nilichokuja nacho.

"Senge, Babu alijua kuandika?"

"Jina lake tu. Alifundishwa na karani wa shamba huko Kitale." Akatupa kijiwe. "Lakini J ilimshinda kabisa. Aliigeuza, mkia ukaangalia upande mwingine. Mama alikuwa anamcheka, ati Wanjala, hiyo herufi yako inatoroka."

Baba Mdogo, sikungoja. Nikafungua picha kwenye simu, nikampa. Aliisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. J imegeuka. Ameichora kwa nguvu kuliko zingine zote, kama mtu anayeshindana nayo. Senge alivua kitambaa cha kichwani akajipangusa uso.

Kisha akaweka kidole kwenye jina lililo chini ya la Babu. "Huyu Kipkemei wa Kaptama ndiye alimbeba baba mgongoni mpaka barabarani, ile siku kifua kilimzidi. Wewe ulijua?"

Sikujua. Nimekua nikisikia tu habari za vurugu za mashamba, na maneno kwamba watu wa mlimani, akina Kipkemei, na sisi hatujawahi kuelewana. Hakuna aliyeniambia kuhusu mgongo wa Kipkemei.

Nikaomba nafasi ya kusoma majina yale kwenye sherehe za Jamhuri za hapa kwetu. Nikaambiwa ratiba imejaa, nikarudi tena, nikapewa dakika tano baada ya kwaya. Senge akapanda kutoka Bokoli siku moja kabla, amebeba gauni lake la kanisani kwenye mfuko.

Ijumaa yenyewe, tarehe 12, uwanja ulijaa. Gwaride likapita, hotuba zikaanza, na kila mheshimiwa alikuwa na mheshimiwa mwingine wa kumkaribisha. Jua likatuchoma. Kwaya zikaimba. Mara nikamsikia mshereheshaji akisema tusimame kwa maombi ya kufunga. Walikuwa wameturuka!

Nilikuwa bado natafuta nimshike nani mkono nimlilie, nikaona gauni la bluu linakata uwanja. Senge! Askari mmoja alimfuata, akamwangalia usoni, akarudi nyuma. Alimfikia mshereheshaji akanyoosha mkono kama anayedai kitu chake, na kijana wa watu akampa kipaza sauti.

"Mimi ni Sellah, nimetoka Bokoli," akasema. "Baba yangu alishona magunia kwa hilo ghala lenu miaka kumi na minne. Siku ya Uhuru aliandika jina lake kwa ukuta, yeye na wenzake. Mnataka kuubomoa. Sawa. Lakini kwanza mtasikia ni kina nani."

Akasoma majina bila karatasi. Alikuwa ameyakariri yote kumi na moja! Nilisikia hata kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Alipofika la nane, Kipkemei wa Kaptama, mwanamke mmoja mzee akasimama katikati ya watu akipiga kelele, "Huyo ni baba! Huyo ni baba yangu!" Anaitwa Mama Jeruto, anauza viazi sokoni kwetu. Nimenunua viazi kwake miaka sita! Kabla orodha haijaisha, watu wa familia nne walikuwa wamesimama, na maombi ya kufunga yakasahaulika.

Baadaye umati mzima ulikwenda kwenye ghala. Mama Jeruto aliweka kiganja kwenye jina la baba yake, na Senge kwenye la baba yenu, bega kwa bega, wakaanza kuongea na hawakunyamaza mpaka giza likaingia. Sasa wanapigiana simu kila siku.

Mzee Kiplangat alisimama pembeni, kofia mkononi. "Baba yangu alinunua hisa hapa baada ya Uhuru," akaniambia. "Sijawahi kuuliza ni nani alikuwa hapa kabla yetu."

Jana wanachama walipiga kura. Maduka yatajengwa upande wa barabarani, na ukuta hakuna wa kuugusa. Nilipiga vigelegele mkutanoni, nikaambiwa nikae chini, nikapiga tena.

Sasa kazi yako. Kila familia inaandika ukurasa mmoja juu ya mtu wake, nitakaowafundishia watoto. Wa Babu bado uko mtupu. Picha yake hatuna, baba yangu alitutoka bila kutusimulia, na Senge anasema wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea chakula cha mchana pale ghalani. Ulikuwa na miaka sita, mkiwa bado mnakaa hapa shambani. Alikuwa anakula nini? Alicheka vipi? Alikuita nani mkiwa wawili tu? Tafadhali niandikie, hata kama ni kitu kidogo unachoona hakina maana.

Nisalimie Mama Mutinta na wajukuu wote. Mama anakusalimu, na Senge anasema goti si sababu ya kutokuja nyumbani. Mungu akulinde, akutie nguvu za mwili na za kukumbuka.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye sana,

Edinah