Bado Ndani ya Kawaida

Jumanne, 4 Machi
Majibu ya damu yametoka. Kumi na sita! Daktari kafurahi – chini ya thelathini na tano ni kawaida. Nikamkumbusha kuwa baada ya dripu ya mwisho ya kemo ilikuwa tisa. Akasema namba hizi huchezacheza, hata maambukizi madogo huzipandisha. Turudie baada ya miezi mitatu. Nikamuuliza kama alama hii ya damu huwahi kujua saratani ya ovari inarudi kabla picha haijaonyesha kitu. Akasema: Ndiyo. Wakati mwingine.
Wakati mwingine!

Jumatano, 5 Machi
Dada kapiga simu, kapiga na vigelegele hadi nikasogeza simu mbali na sikio. Mdogo wangu umepona, acha kujitafutia ugonjwa! Nikacheka naye. Nifanyeje? Ukiwa ndani ya kawaida huna hata wa kumlilia.

Jumapili, 9 Machi
Nywele zimefika masikioni. Nimelala chali, nimejiminya tumbo, kulia, kushoto. Hakuna kitu.
Nimejiminya tena.

Ijumaa, 21 Machi
Mama Breki – mwanafunzi wangu wa udereva, yule anayekanyaga breki hata akiona kuku ng'ambo ya barabara – leo kaingia barabara kuu na gari halijazima! Nikamsifu. Akauliza, mwalimu, mbona unashika tumbo? Nikamwambia ni hizo breki zako. Tukacheka mpaka machozi. Yake yakakauka upesi. Yangu nikageukia dirishani kuyaficha.

Jumatatu, 2 Juni
Nimetolewa damu. Jana dada alitaka kunisindikiza. Nikamwambia aah, ni kipimo tu, usipoteze siku. Akakubali palepale.
Nilitaka abishe.

Alhamisi, 5 Juni
Nimo chumbani kwa daktari, mwenyewe hajafika. Siku zote majibu nimepewa mlangoni, tumesimama. Leo nesi kaniingiza ndani, kafunga mlango, kaniuliza nimekuja na nani. Nikasema na gari. Hakucheka. Basi nikasema peke yangu. Akasema daktari yuko njiani, usiondoke. Akatoka.
Karudi na kiti. Kakiweka ubavuni mwa changu, kakaa. Hana faili, hana sindano. Hana kazi nyingine humu ila mimi –