Jina la Salumu Halikuiba Gari

Mdogo wangu Salumu,

Nina hasira, na ni wewe tu uliyezoea kunisikiliza mpaka nimalize.

Tangu tukuzike hapa Makote, neno ni moja: gemu ndilo lililokuua. Lile la kuiba magari na kukimbizana na polisi, ulilokuwa ukicheza kwenye banda la gemu kule Masasi stendi. Eti lilikuharibu kichwa, ukawa unaendesha bodaboda kama uko kwenye runinga. Wanaosema hivyo hawajawahi kulikanyaga lile banda. Mimi nilikuwa nauza mihogo ya kukaanga mlangoni, nakuona.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituudhi? Wenzako wanagonga watu wanacheka. Wewe umeiba gari, polisi wako nyuma yako, unasimama kwenye taa nyekundu! Banda zima linapiga kelele, "Twende bwana, si la wizi hilo?" Unajibu, "Gari ndilo la wizi, watu si wa wizi. Waache wavuke." Ukimaliza unaliegesha vizuri pembeni, kana kwamba mwenyewe atalifuata.

Na kwenye barabara ya Newala uliendesha hivyo hivyo. Fuso ndilo lililohama upande wake likakufuata kwenye wako. Dereva alikiri pale pale, watu wakimsikia.

Sasa sikia kilichonichoma. Msibani, Bi Asumini, mtani wetu wa Kiyao, alifanya kazi yake ya kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Alikalia kinu, akashika ungo kama usukani, akanguruma, "Pisheni! Salumu huyo, kaiba jingine!" Tulicheka huku tunalia, hata mimi.

Kumbe mjomba wetu alikuwa anayaweka akiba maneno yale. Nilipojifungua mtoto wa kiume, mzaliwa wangu wa kwanza, nikasema ataitwa Salumu. Mjomba akakataa. "Jina la mwendawazimu wa gemu halirudi humu. Hata mtani kasema."

Mjomba mzima! Tangu lini utani wa msibani ukawa ushahidi? Nilimwita Bi Asumini, akaja ameshika kiuno.

"Nilimtania kwa sababu si kweli," akamwambia. "Ingekuwa kweli ningenyamaza. Mtu mbaya hataniwi msibani, anafichwa."

Mjomba akaomba maji ya kunywa. Hakukubali, nami sikumsubiri. Kliniki nesi aliponiuliza jina la mtoto nililitaja kwa sauti, foleni nzima ikasikia, na tangu siku hiyo majirani wananiita kwalo. Mjomba akipita namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba bila kuniita chochote. Mwache. Anaishi katikati ya majirani hao hao, atalizoea tu.

Inaniuma kwamba wewe uliyesimama ili watu wavuke, ulipokufa hakuna aliyesimama kwa ajili yako. Basi nimesimama mimi. Pumzika, mdogo wangu. Jina lako nimelivusha.

Dada yako,
Mama Salumu