Kamba Kwenye Baraza la Kilimani

Fundi wangu Makame,

Nilizoea kukuamkia kabla ya kushika mwiko, basi shikamoo, ingawa najua hutaniitikia. Tangu tulipokuzika sikuwa na la kukwambia ila kilio. Leo nnalo. Nina hasira, Fundi.

Idi Pili nilimchukua mkeo, Bi Kazija, twende mandari kilimani, juu ya Bububu. Tangu amalize eda hakuwa ametoka Kikwajuni. Tulipanda polepole, yeye na mkongojo wake, mimi na kikapu cha pilau. Njia nzima akinisimulia ulivyokuwa ukibeba chokaa kichwani siku za mapumziko kulijenga lile baraza la mawe, bila ya mtu kukuomba, ili bibi vizee wanaopanda kuutazama mji wapate pa kukaa. Kama kwamba mimi sikuwapo! Mawe yale nani aliyekuwa akikupa? Na mara mbili ulinibomolesha upande wangu. "Atakayekaa hapa atakuwa kachoka," ulisema. "Usimjengee ovyo."

Tukafika juu. Baraza lako limezungushiwa kamba. Bwana mmoja mwenye kofia ya kazi akatuzuia: "Hapa wanakaa wageni wa heshima tu. Nyinyi kakaeni majanini."

Wageni wa heshima! Na huyu mama mwenye magoti yaliyovimba, yeye ni nani? Si tuliambiwa baada ya Mapinduzi kwamba mambo ya mabwana na watwana yamekwisha? Nikamweleza nani aliyelijenga. Akacheka. "Hili la ofisi." La ofisi! Nami nimeyaona kwa macho yangu mawe yale yakikuchuna vidole.

Bi Kazija akanishika mkono. "Twende zetu, mwanangu, usigombane siku ya Idi." Akageuza mkongojo wake ateremke. Hapo ndipo niliposhindwa kustahamili. Nikaifungua kamba, nikamkalisha. Yule bwana akapiga makelele, na wanawake waliokuwa majanini wakainuka na watoto wao, wakaja kukaa naye, mmoja mmoja, mpaka baraza likajaa. Hakuthubutu kuwagusa. Tukala pilau letu.

Juzi nikaitwa kwenye ofisi hiyo hiyo, maana na mshahara wangu unatoka huko. Nikapewa karatasi niandike kuomba radhi, la sivyo nisirudi kazini. Karatasi yenyewe ndiyo hii, Fundi. Nimekuandikia wewe.

Kazi nshaikosa. Bi Kazija analia, anasema yeye ndiye aliyeniponza. Namwambia si yeye. Napiga lipu kuta za majirani, siku zinakwenda.

Nakuahidi hivi: Idi ijayo nitampandisha tena. Magoti yakimshinda, nitambeba. Wakifunga kamba nitaifungua, wakifunga mbili nitazifungua zote mbili.

Mungu akulaze pema, Fundi. Kwako naomba radhi kwa kila nililokukosea. Kwao, siombi.

Mwanafunzi wako,
Haji